Kizuka na Perege Wake

Mmanga alipofariki, mkewe Bi Bashira alikaa eda katika nyumba yao ya Mkunazini. Kizuka, mjane aliye edani, haonwi na mwanamme wa pembeni, hata shemegi yake.

Shemegi huyo, Hamad, alikitaka chumba cha chini akifanye duka la vinyago. Chumba hicho ndimo Mmanga alimoliacha tangi la perege, na juu yake vihori vya kokoto vilivyosheheni mchicha na kotimiri. Pampu ilipandisha maji machafu ya samaki, mizizi ikala uchafu, maji yakarudi tangini safi. Udongo hamna hata wa kujaza kiganja. Bi Bashira akiwalisha perege mwenyewe, akimjua mlafi nani na mwoga nani.

Asubuhi moja Hamad alikuja na mahamali wawili, akazima umeme ukumbini. Pampu ikanyamaza.

Bi Bashira, juu, aliusikia ukimya ule, akajua: maji yakilala, samaki hukosa pumzi na kufa. Alikunja mkeka wake, akateremka kwa ngazi ya uani, akaingia chumba cha samaki, akashusha pazia la mlango, akatandika.

"Hamad," aliita. "Kizuka yumo humu."

Mahamali walirudi nyuma kama waliokanyaga makaa.

"Shemegi, kizuka hukaa juu," alisema Hamad nje ya pazia.

"Hukaa nyumbani kwa mumewe. Humu ni kwa nani?"

"Ukae na samaki?"

"Hawajanichumbia."

Alichota maji kwa kata, akayainua, akayamimina kutoka juu, kama apozaye chai, ili yaingie hewa. Jirani yake Yusra, aliyemletea uji, akamkuta hivyo.

"Bi Bashira, ushakuwa bomba?"

"Nshakuwa. Nawe shika sufuria."

Walimimina mpaka mabega yakawaka. Perege bado wakitweta juu ya maji.

"Nnakaa hapa hapa," Hamad alisema. "Tutaona nani atachoka."

"Yusra," alisema Bi Bashira, "wewe una eda?"

"Sina. Mume wangu mzima, anakula kama nzige."

"Basi kawashe."

Yusra alijitanda, akatoka. Hamad alikuwa amesimama mbele ya swichi, mikono kifuani.

"Ama unipishe," Yusra alimwambia, "ama unishike mkono, mimi mke wa mtu, mbele ya mahamali hawa. Chagua."

Hamali mmoja alikohoa kikohozi kisicho cha mafua. Hamad akapisha.

Pampu ikanguruma. Bi Bashira hakuiweka kata mpaka perege wa mwisho alipozama chini. Ndipo akakaa mkekani, kanga imerowa mpaka kiunoni.

"Eda ina mwisho, shemegi," alisema Hamad, karudi penye pazia.

"Ina. Na siku itakayokwisha, ntatoka kwa mlango huo uliposimama, nende kwa kadhi nikadai fungu langu la mirathi, na ntalitaka humu humu. Ukifika kabla yangu, nishikie nafasi."