Uongo wa Barafu

Kwenye mkahawa wa Thora Haldane huketi kabla hujajibu. Unaegemeza skii zako, zile mbao za kutelezea thelujini, ukutani nje, unaingia na theluji bado imegandia kwenye ndevu, na yeye, akikata mkate nyuma ya kaunta, anakuuliza bila kuinua macho, "Mlima umesemaje?" Unajibu hapo hapo mlangoni ili kila mtu asikie. Upepo ulitoka upande gani, theluji imekaaje, nini kimeporomoka, umesikia nini chini ya miguu. Ukishajibu ndipo unaletewa supu ya njegere. Kuna daktari mmoja wa mjini aliwahi kusema amechoka, atajibu baadaye. Supu yake ilipoa juu ya kaunta huku yeye amesimama.

Kuna jambo jingine hapa Carrow, mji wetu wa mlimani, na hilo hakuna anayelisema ila wote tunalijua. Kuhusu barafu unaruhusiwa kudanganya. Ukigundua mahali maji yameganda ukutani kuanzia juu mpaka chini, barafu nzuri ya kupanda kwa mashoka, ukaja ukasema kule hakuna kitu, hatukulaumu. Tutakucheka, na wiki ijayo utakuwa umeshaipanda peke yako. Barafu ni yako wewe uliyeiona kwanza. Kuhusu theluji hudanganyi. Theluji inaua mtu ambaye hajakukosea lolote.

Wendell Hrycak ndiye mtu wa mwisho ambaye ungemdhania kudanganya kuhusu theluji. Kiangazi alikuwa fundi bomba, na majira ya baridi alikuwa mwoga wa mlima. Neno hilo la mwoga tulilisema kwa heshima. Hakuna aliyegeuka nyuma mara nyingi kama yeye. Vijana wakiona alama za skii zake zimekata mteremko walikuwa wanasema, "Kama Wendell amepita, hata bibi yangu atapita."

Alhamisi moja ya Februari aliingia amechelewa.

"Mlima umesemaje?" Thora akauliza.

"Nilikwenda kuangalia lile Pazia la maporomoko. Hakuna barafu. Maji yanatiririka tu."

Garnet Pruden alikuwa meza ya dirishani na dada yake Odile. Akachekea ndani ya kikombe. "Mzee, na hayo mabonge kwenye kofia yako yametoka kwenye friji?"

"Mwache," Odile akasema. "Amekwenda kuoga."

Tukacheka wote, na Wendell akacheka.

"Na theluji?" Thora akauliza.

Wendell alivua glavu moja, kisha akaivaa tena. "Ya kawaida. Nzito kidogo."

"Nzito kidogo," Thora akarudia, akamtilia supu.

Ukweli ni kwamba Pazia lilikuwa limeshuka mpaka chini, la samawati, nene kama ukuta wa kanisa. Halikuwahi kushuka hivyo tangu Wendell alipokuwa kijana. Alilishika kwa mikono yake. Ila kulifikia lazima ukate bonde moja dogo lenye umbo la bakuli, na wakati wa kurudi, akiwa katikati ya bakuli hilo, juu ya alama zake mwenyewe za asubuhi, theluji iliguna. Yeyote aliyewahi kuisikia sauti hiyo haisahau. Ni tabaka zito la juu linakalia tabaka la chini lililooza, chembe zisizoshikana, kama sukari. Ilishuka kidogo chini ya miguu yake na ufa mwembamba ukakimbia mbele yake kuelekea miambani. Halafu kimya. Alisimama hapo akisikiliza moyo wake, kisha akatoka polepole mno.

Angesema theluji imeguna, tungemuuliza wapi. Na hakuna mtu mwenye akili anayekata bakuli lile kwenda kuangalia maji yanayotiririka. Barafu ingejulikana. Kwa hiyo akanyamaza. Alijiambia kwamba amesema hakuna barafu, basi hakuna atakayekwenda. Kumbe alimwambia nani? Aliwaambia watu ambao walimcheka machoni kwa sababu walijua anadanganya.

Usiku upepo wa joto ulishuka kutoka magharibi. Asubuhi mapaa yote yalikuwa yanadondosha maji. Wendell alikuja kununua mkate, akakuta meza ya dirishani tupu.

"Akina Pruden wako wapi?"

"Wametoka kabla hakujapambazuka," Thora akasema. "Garnet anasema wanakwenda kuona maji yako yanavyotiririka."

Wendell aliuweka mkate juu ya kaunta. Mimi nilikuwa karibu na jiko, nikamwona rangi ikimtoka.

"Wendell," Thora akasema. "Theluji ni ya kawaida, sivyo?"

Alitoka akauacha mlango wazi.

Yaliyofuata huko juu nimeyapata kwa Garnet. Simu hazishiki kule. Wendell alipanda kwa kasi ambayo mtu wa umri wake hapandi, na alipotokeza kwenye ukingo wa miti aliwaona juu yake, vidoti viwili vyeusi ndani ya bakuli, miguu yao ndani ya alama zake. Garnet alikuwa ameshafika miambani upande wa pili. Odile alikuwa katikati. Wendell akapiga kelele kwa nguvu zote. Odile akamtambua, akainua fimbo yake kumsalimia.

Mteremko ukakatika juu yake. Garnet anasema haukuwa na haraka mwanzoni, ulipasuka tu vipande vipande kama sahani, na dada yake akawa amesimama juu ya sahani moja. Halafu ukashika kasi, na hakumwona tena.

Walimtafuta kwa vile vifaa vya kifuani vinavyotoa mlio. Wendell ndiye aliyempata, Wendell ndiye aliyechimba, akitupa theluji kati ya miguu yake kama mbwa, hata pale mpini wa koleo ulipovunjika. Uso ulipotokea ulikuwa umebadilika rangi, mdomo umejaa theluji. Akaukomba kwa kidole. Odile akakohoa. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili, lakini alikohoa.

Helikopta, iliyoitwa kwa kifaa cha dharura cha Garnet kinachotumia setilaiti, ilimchukua Odile, na haikuwa na nafasi ya mtu mwingine. Wendell akamshusha Garnet, akampakia kwenye gari lake kumpeleka hospitali, na wakapitia kwa Thora ili Garnet ampigie mama yake simu.

Garnet aliingia amemshika Wendell bega. "Huyu mnamwona huyu? Alitokea nyuma yetu kama ametumwa. Dada yangu yuko hai kwa sababu yake."

Watu wakasimama. Mtu mmoja akavuta kiti, mwingine akaanza kumpigapiga Wendell mgongoni.

"Mwacheni," Thora akasema. "Bado hajajibu." Aliweka kisu chini. "Mlima umesemaje, Wendell?"

"Wa leo?"

"Wa jana."

Wendell alitazama buti zake. Maji yalikuwa yanatoka kwenye buti yakitambaa sakafuni. "Uliguna," akasema. "Ndani ya bakuli, nikirudi. Na ufa ulikimbia mpaka miambani. Pazia limeshuka lote. Nililitaka."

Garnet alitoa mkono wake begani mwa Wendell, taratibu, kama mtu anayetoa mkono kwenye chuma cha moto asichotaka kukiangusha.

"Tulijua umedanganya barafu," akasema. "Odile alisema njiani, barafu amedanganya, kwa hiyo theluji amesema kweli. Hatukuchimba hata shimo la kuipima. Tulisema ni alama za Wendell."

"Najua."

"Nipe funguo."

"Huwezi kuendesha leo, Garnet. Acha nikupeleke."

"Nipe funguo za gari, mzee."

Thora akavua aproni. "Nitampeleka mimi," akasema, akazipokea funguo kutoka mkononi mwa Wendell, na wakaondoka wawili. Wendell alibaki pale mlangoni. Kile kiti kilikuwa bado kimevutwa.

Hakuhama mji, kama wengine walivyodhani. Majira yote yale alikuja kila jioni, akasimama mlangoni na kujibu. Alijibu mpaka mambo ambayo hakuna aliyeyauliza, mteremko kwa mteremko, ufa mdogo kiasi gani, chembe za chini zina ukubwa gani. Alitaja hata barafu ilipo, yote aliyokuwa ameificha kwa miaka. Thora alimtilia supu. Wendell aliaga akatoka, na supu ikapoa.

Aprili Odile alirudi kwa magongo, akakaa meza ya dirishani. Wendell alipomaliza kujibu, Odile alisukuma kiti cha mbele yake kwa gongo moja.

"Keti basi, unanizibia mwanga."

Wendell alikitazama kile kiti. Akasema jua la mchana limekuwa kali kwenye miteremko ya kusini, watu washuke mapema. Kisha akavaa glavu zake, akatoka.