Mwiko kwenye Meza ya Usajili

Unaisi aliingia ukumbi wa usajili amelowa chapachapa, anacheka peke yake. Mvua ya Suva, huko Fiji, ikiamua kukukomoa haina adabu, lakini siku hiyo hata ingenyesha mawe asingejali. Masomo yake ya mwaka wa tatu alikuwa ameyapanga tangu Krismasi. Kapanga, kapangua, kapanga upya, mpaka ratiba ikakaa, maabara haigombani na mhadhara. Lilibaki tundu moja tu, la somo la matumbawe: wiki mbili kisiwani, kichwa ndani ya maji kutwa nzima. Somo lenyewe likifundishwa mwaka huu, mwakani hurukwa. Akilikosa leo atamaliza chuo bila kuligusa, na ile kazi ya bahari anayoiota atabaki kuwasikia wenzake wakiisimulia.

Nalo halisajiliwi kwa simu kama mengine. Sharti ufike mezani, mtumishi aridhike kwamba unajua kuogelea, ndipo abonyeze.

"Zimebaki nafasi mbili!" Apisai alimpigia kelele kutoka mbele ya foleni. "Kimbia, wewe konokono!"

Apisai ni mtoto wa shangazi yake, na kwao Fiji mtoto wa shangazi ni mtani wako wa kuzaliwa. Atakutukana, atakula chakula chako, atakuficha kiatu, nawe huna ruhusa ya kununa. Alikuwa amemshikia nafasi kwenye foleni tangu asubuhi, na ujira wake, roti ya viazi, ile chapati ya kukunja, alishaunyakua mkobani mwa Unaisi kabla hata ya salamu.

"Binamu, nywele gani hizo? Umepigana na ufagio?"

"Afadhali mimi ninazo. Wewe una kichwa kama nazi iliyokosa mnunuzi."

Wakacheka mpaka foleni ikawapita kidogo. Kisha zamu ikafika, Unaisi akainua macho, kicheko kikakatika. Nyuma ya kompyuta alikaa Mesake.

Mesake! Mtoto wa baba yake mdogo, kwa hiyo kaka yake, kaka hasa, hakuna cha binamu hapo. Na kwao, kule juu kwenye mto Wainimala, kaka na dada wakishapevuka hawasemeshani. Si ugomvi, la hasha! Ni heshima. Wamekula kwenye mkeka mmoja miaka nenda miaka rudi bila kutupiana hata neno; akitaka chumvi, Unaisi humwambia mama, mama amwambie kaka. Na hao mama wote wenye midomo mirefu, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumwambia kwamba Mesake kapata kazi chuoni.

Unaisi akatazama dari. Mesake naye akaanza kusoma maandishi ya chupa ya gundi kwa makini ya ajabu.

"Oilei!" Apisai alipiga makofi. "Leo Mungu kanipenda mimi tu."

Kwa kuwa alikuwa mtani wa wote wawili, akajisimamisha katikati yao kama refa.

"Mwambie nataka somo la matumbawe," Unaisi alinong'ona. "Na cheti cha kuogelea hiki hapa."

"Bwana mkubwa," Apisai akamgeukia Mesake, "dada yako anasema umenenepa. Pia anataka somo la matumbawe."

"Mwulize kama kweli anajua kuogelea," Mesake aliiambia gundi, masikio yamemwiva.

"Anauliza, wewe ni samaki au jiwe?"

"Samaki!"

"Anasema jiwe."

"Apisai, nitakuua!"

Foleni nzima ikavunjika mbavu. Mesake hakucheka. Alikishika kile cheti kwa ncha za vidole, akakirudisha mezani.

"Mwambie karatasi haimtoi mtu majini. Huyu alizama mtoni kwetu, mimi ndiye niliyemvuta. Siwezi kubonyeza hapa, halafu nimrudishie baba mkubwa maiti."

Apisai akafungua mdomo aongeze lake, akaufunga. Meza ya jirani mtumishi akatangaza kwa sauti, "Matumbawe, moja imebaki!" na msichana mwenye koti la njano akaanza kupekua mkoba wake akitafuta cheti.

"Hili si la mtani," alisema Apisai. "Malizaneni wenyewe." Akaondoka na roti yake, mshenzi yule, bila hata kugeuka nyuma.

Unaisi alitaka kulia. Nyuma yake kijana aliyefuata alikuwa na muziki masikioni, macho kayafumba, anatikisa kichwa; huyo huwezi kumtuma neno. Msichana wa koti la njano alishakipata cheti, anakikunjua. Kaka yupo hapo, mkono mmoja tu kutoka kwake, naye hawezi kumwambia hata "tafadhali".

Pembeni ya meza kulikuwa na printa kuukuu. Unaisi akaiwekea mkono kichwani.

"Wewe printa," alisema, "kuna mtu hapa anadhani mimi bado ni yule wa mtoni. Mwambie mwaka mzima, kila alfajiri, nimekuwa kwenye bwawa la chuo. Nilianza nimeng'ang'ania ukuta kama mjusi, watoto wa shule ya msingi wananicheka. Sasa naenda na kurudi mpaka mwalimu anachoka kunitazama. Mwambie bado naogopa. Naogopa sana! Lakini naogelea."

Mesake akaiweka chupa ya gundi chini. Akaitazama printa, akakohoa, akaisogelea kana kwamba na yeye ana shida nayo.

"Printa, mwulize. Akiwa kule kisiwani, atakwenda majini peke yake?"

"Printa, mwambie hapana. Wawili wawili, sikuzote."

Mesake akabonyeza.

"Matumbawe imejaa!" ikasikika meza ya jirani, na wa koti la njano akapiga mguu chini. Pole yake, lakini Unaisi alikuwa anarukaruka na viatu vyake vilivyojaa maji, chwap chwap, watu wanamshangilia, hata yule wa muziki kafumbua macho. Printa ikaguruma, ikatema karatasi yenye jina lake. Mesake hakuitoa. Aliinama juu yake.

"Printa," alisema polepole, "siku ile mtoni nilipomlaza ukingoni, nilitaka kumwuliza kama yu hai. Nilishindwa. Ilibidi nimwulize Apisai. Mwambie, baba mkubwa akitaka kujua nani kamruhusu kwenda baharini, aseme ni kaka yake."

Unaisi alisahau kuruka. Machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa, naye akaona asante yoyote atakayoipitisha kwa mashine itapungua njiani. Akapiga magoti pale pale kwenye sakafu iliyolowa, akakunja viganja, akapiga makofi matatu mazito ya heshima, kama wapigavyo kwao wakipokea kitu kikubwa. Hayo hayana mwiko.

Mesake naye, macho yametua kwenye kompyuta, akakunja viganja vyake akamjibu, matatu. Kisha akajipangusa uso kwa mkono wa shati.

"Anayefuata!" akaita.