Mgao wa Vidonge

Suruali ya Selestine ilikuwa haifungi tena kifungo. Tumbo lilishatangulia mbele, miguu ikabaki nyuma myembamba kama ya korongo, na Febronia, mkewe, alikuwa ameishikiza ile suruali kwa kamba ya katani, ile ile wanayofungia viroba vya mawe machimboni. Walikuwa wamekaa kwenye benchi la kituo cha utafiti pale Shinyanga tangu mlinzi hajafungua geti. Kila mwenye koti jeupe aliyepita, Febronia alimwangalia kwanza viatu, halafu ndiyo uso.

Daktari aliyewaita ndani alivaa raba zilizoisha kisigino upande mmoja. Aliitwa Goodness, na umri wake ulikuwa kama wa Agatha, binti yao wa kwanza. Alimwamkia Selestine shikamoo, akavuta kiti karibu, akaongea taratibu. Uvimbe wa ini ulikuwa umefika mbali, alisema, kukata haiwezekani. Zimebaki njia mbili. Moja ni mionzi: kuna mashine inalenga ule uvimbe wenyewe na kuupiga pale pale ulipo. Mashine iko mji mwingine, anayepangiwa anapelekwa na gari la kituo. Nyingine ni vidonge, mtu anameza asubuhi na jioni akiwa kwake.

"Sasa kati ya hizo ipi nzuri?" Selestine akauliza.

Hicho ndicho wanachotafuta, daktari akasema. Kwa ini lililofika hapo, hakuna anayejua. Ndiyo maana wengine watapata hii, wengine ile, halafu wataangalia nani anaishi zaidi na nani anateseka kidogo.

Febronia akauvuta mkoba wake karibu na mbavu. Maishani mwake alikuwa hajakutana na mtu aliyekisomea kitu, akalipwa mshahara kwa kitu hicho, halafu akasema hakijui.

"Na anayechagua nani apate nini, ni nani?"

"Kompyuta, baba."

"Inaniona?"

"Haikuoni. Hata jina lako hailijui."

"Aa, kwa hiyo imegeuza mgongo," Selestine akasema, na daktari akatabasamu kama mtu aliyepitishwa kituo chake na basi.

Asingeweza kuelewa. Kule machimboni kwao, upande wa Bulyanhulu, mawe yakishatoka kwenye duara, yaani shimoni, hayagawiwi kwa mabishano. Viroba vinapangwa mstari. Mtu mmoja anageuza mgongo, mwenzake anagusa kiroba kwa fimbo na kuuliza, hiki cha nani? Yule asiyeona anataja jina, na imekwisha. Miaka yote hiyo aliyegeuza mgongo kwenye duara lao alikuwa Selestine, kwa sababu hata mwenye duara, mtu wa kuiba jua mchana, alikiri kwamba Selestine hageuki. Lakini Selestine huyo huyo alijua mambo yanavyoharibika. Anayeshika fimbo anaweza kukohoa. Anaweza kugusa kwa nguvu pale penye mawe ya maana. Ndiyo maana huwa wanasimamisha mtu wa tatu, kazi yake kuangalia tu.

"Na mnayemsimamisha kuangalia ni nani?"

"Kuna kamati, baba."

"Kamati," Selestine akasema, kwa sauti ya mtu aliyetajiwa nyoka aliyewahi kumuuma.

Walikubali. Hospitali ya kwanza ilishawaambia warudi nyumbani, mgonjwa ale anachopenda. Na daktari Goodness hakuwaficha: nje ya utafiti, vidonge vile na mionzi ile si vya watu kama wao.

Kompyuta ikampa Selestine vidonge. Marwa, mchimbaji wa Tarime waliyezoeana naye pale pale benchini, akapata mionzi. Wa tatu alikuwa Meshack, mnunuzi wa dhahabu mwenye gari jeupe, kidole kimekonda mpaka pete imefungwa uzi isidondoke. Naye akapata vidonge.

Hilo lilimtuliza Selestine. "Kama Meshack kaangukia kiroba chetu," alimwambia mkewe wakielekea stendi, "basi humo mna kitu."

Febronia alikuwa amemwona Meshack akitoka na simu sikioni, uso umekunjamana kama mteja aliyerudishiwa chenji pungufu. Kliniki iliyofuata nafasi yake benchini ilikuwa wazi.

Vidonge vilianza na mikono. Ngozi ya viganja ikawasha, ikavimba, ikaanza kubambuka, na nyayo zikafuata. Selestine akasema ameajiriwa upya, mara ya mwisho kuwa na viganja hivyo ni alipoanza kushika nyundo. Febronia alimpaka mafuta ya mgando, hakucheka. Alitaka kujua kwa nini dawa ya ini ipitie mikononi. Marwa naye alirudi kwenye mionzi amechoka kama aliyebebeshwa karasha zima la kusagia mawe, ila maumivu ya ubavuni yamepungua. Kila mmoja akimwangalia mwenzake anaona huyu ndiye aliyepata dhahabu.

Jumapili moja Marwa akaja na bodaboda mpaka kwao Ushirombo. Walikaa nje na Selestine wakinong'ona kama wanaouza shamba la mtu, na Febronia, aliyekuwa anachambua maharage hatua chache tu, akasikia yote.

Walitaka kuunganisha. Nalo ni jambo la machimboni: watu wawili wakivitilia shaka viroba vyao, wanavimwaga pamoja kwenye karasha, kitakachotoka wanagawana. Hapo hakuna wa kulia peke yake. Selestine atoe nusu ya vidonge. Marwa, wakimwita awamu ya pili ya mionzi, atamtanguliza Selestine aingie kwa jina lake. Mashine nayo haioni sura.

"Ukimpa nusu, Baba Agatha, wewe unabaki na nini?" Febronia aliuliza mgeni alipoenda kunawa.

"Nabaki na nusu ya vyote."

Febronia alimshuku Marwa. Alihesabu kwamba mtu wa Tarime atameza vidonge vya mumewe halafu siku ya mionzi simu yake haitapatikana. Kwa hiyo alimchunga Marwa. Kila alipokuja kuchukua fungu lake, alimkalisha, akampa uji, akamwapisha tena kwa jina la mama yake. Marwa akaapa, mpaka siku moja akasema, "Shemeji, hata padri hajawahi kunibana hivi." Macho yote ya Febronia yalikuwa kwa Marwa. Kituo cha utafiti akakisahau.

Kliniki iliyofuata daktari Goodness alimpa Marwa mkono, akamwamkia. Halafu hakuuachia. Aliugeuza, akatazama kiganja. Ngozi ilikuwa inabambuka, nyekundu, kama ya Selestine. Akamtazama Selestine. Akatoka.

Aliporudi alikuwa na mkuu wa utafiti, Dokta Wiliam. Viatu vyake vilikuwa vyeusi, vinang'aa, havijawahi kukanyaga vumbi la machimbo ya Kakola.

"Mzee, hizi dawa ni karanga, za kugawana?"

"Tuliunganisha tu, daktari," Selestine akasema. "Hatujamwibia mtu."

"Mnajua mmefanya nini? Mmeharibu kazi ya watu wengi. Sasa huyu akipata nafuu, tutasema nafuu imetokana na nini?"

"Semeni amepata nafuu," Febronia akasema.

Dokta Wiliam alimtazama kama vile meza imeongea. Kisha akaeleza, kwa upole kabisa, kwamba utaratibu ni utaratibu. Selestine hatapewa vidonge tena. Marwa hatapata awamu ya pili. Akanyoosha mkono, na Febronia akatoa ile chupa kwenye mkoba, nusu yake imejaa, akaiweka kwenye kiganja laini kisicho na hata alama ya kalamu. Daktari Goodness alikuwa anatazama raba zake.

Getini wakapishana na gari jeupe. Meshack alishuka mwenyewe, bila kushikwa. Pete imekaa kidoleni, uzi hakuna. Akawasalimia vizuri, maana hakuwa mtu mbaya, akawaambia ametoka India, mionzi amepigwa huko huko, na vidonge anaendelea navyo, anaviagiza. Leo amekuja kwa Dokta Wiliam kuangaliwa tu. Alipoaga, Febronia akaviona viganja vyake. Vilikuwa vinabambuka, vimepakwa mafuta yanayonukia.

Akamwacha mumewe amejishikiza ukutani, akarudi ndani bila kubisha hodi.

"Meshack ana vyote viwili. Mbona yeye hamkumfukuza?"

"Yule alijitoa mwenyewe, mama, kwa hiari yake. Kila mgonjwa ana haki ya kujitoa."

"Na sisi tungejitoa kwa hiari?"

"Mngejitoa," Dokta Wiliam akasema, "mngeenda wapi?"

Aliuliza kweli, anataka kujua. Kisha akaongeza kwamba wasiwe na wasiwasi, kituo hakiwatupi. Nesi atapiga simu kila mwezi kuulizia kama mgonjwa yupo. Kwenye hesabu Selestine atabaki kuwa mtu wa vidonge.

"Bila vidonge?"

"Aliyepangiwa ameshapangiwa, mama. Tunachohitaji ni kujua tarehe tu."

Tarehe ya nini, hakusema.

Selestine aliposimuliwa hayo ndani ya basi alicheka mpaka akashika ubavu. Mgao wa namna hiyo, alisema, hata mwenye duara lao asingethubutu.

Nesi alikuwa msichana mmoja anaitwa Wema, ana sauti ya asali. Miezi ya mwanzo Selestine alipokea mwenyewe. "Nipo," anasema, na Wema anamshukuru. Marwa alitangulia. Febronia alisafiri mpaka Tarime kwenye mazishi, akashika udongo kwa mkono wake akautupia kaburini, na usiku wa matanga yeye na mjane wakakaa jikoni wakaongea mpaka habari ya simu za Wema, wanawake wawili ambao kwa mwaka mzima kila mmoja alimshuku mume wa mwenzake.

Aliporudi, Selestine alikuwa haamki tena kitandani. Simu ikaita, akaitazama mpaka ikanyamaza.

"Hii haiulizi hali yangu, mayu," alisema. Siku hizi alimwita mkewe mayu, mama, kwa lugha ya nyumbani. "Inasubiri. Kidonge wameninyima. Siku yangu na mimi siwapi. Usiwape."

Walimzika pembeni ya nyumba, karibu na ua wa minyaa, katekista akiharakisha sala kwa sababu ya mvua.

Mvua zilipopungua Febronia alirudi kwenye nyundo. Machimboni hakwenda. Alinunua magwangala, yale mawe ya mabaki ambayo wenye mgodi wameshayatupa, akawa anayagonga pale pale uani, akitafuta kilichosahaulika ndani yake. Kuku walikuwa wanaparua kwenye kifusi cha kaburi. Simu ikaita.

"Shikamoo, mama. Wema hapa, wa utafiti. Baba Agatha yupo?"

Febronia alilitazama kaburi. "Marahaba. Yupo."

"Anaendeleaje?"

"Halalamiki."

"Maumivu?"

"Hayapo tena."

"Jamani, Mungu mkubwa." Sauti ya Wema ilifurahi kwelikweli. "Dokta Wiliam atafurahi. Mama, nikwambie tu ukweli, watu wa vidonge wanakwenda vizuri kuliko tulivyotegemea."

"Na wa mionzi je?"

"Na wenyewe hawajambo. Yule rafiki yenu, Marwa, nimetoka kuongea na mke wake sasa hivi. Anasema yupo, katoka kidogo kwenda shambani." Ukasikika mlio wa vitufe. "Kwa hiyo mpaka sasa ni sare."

"Sare," Febronia akasema.

"Basi msalimie, mama. Nitapiga mwezi ujao."

Aliiweka simu juu ya kiroba, akawafukuza kuku kaburini kwa kuwarushia kijiwe, akachagua jiwe lingine, akaligonga.