Kontra ya Mitumbwi Minne

Uledi alikuwa seremala wa kampuni ya uvuvi pale Rumonge kwa miaka kumi na mitatu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuunda chombo hata kimoja. Meli za kampuni zilikuwa za chuma. Yeye alibadilisha mbao za sitaha zilizooza, akatengeneza makasha ya samaki na milango ya ofisi, na mtu akifa katika kambi ya wafanyakazi, akatengeneza jeneza. Wala hakuwa mtu wa kuhurumiwa. Alikuwa na kazi ya kudumu, nyumba ya matofali yenye bati, posho ya ndagaa kila Jumamosi, na watoto wake watatu wakiumwa walitibiwa bure. Akina mama wa mjini wakitaka kumtajia binti mfano wa mume, walimtaja Uledi.

Lakini marehemu baba yake alikuwa muundaji wa mitumbwi huko ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na Uledi alikua akimshikia mbao. Hata ukubwani, akipewa chaki apime kasha, mkono wake ulichora mtumbwi kwanza.

Mwezi wa tano wa mwaka 1962, mji mzima ukizungumza habari za Uhuru tu, Mwamini alikuja kusimama kwenye lango la karakana saa ya mapumziko. Mwamini alikuwa mjane, mwuza ndagaa wa kijiji cha Gatete, mwanamke ambaye sauti yake ilifika kabla yake.

"Uledi! Amahoro!"

"Amahoro, mama. Kuko nini?"

"Kuko kazi. Nimepata taa, nimepata wavu mukubwa. Sina mitumbwi. Nataka mine, ya kufungwa miwili miwili, wavu ushuke katikati. Na kila mmoja ulingane na ndugu yake. Mmoja ukikaa chini kuliko mwingine, wavu unalala upande, samaki wanaenda zao. Wanasema baba yako alikuwa anaunda kama hiyo."

"Alikuwa anaunda," Uledi alisema, na moyo ukaanza kumwenda mbio bila ruhusa yake. "Lakini mimi niko mutu wa kampuni."

"Ndiyo sababu nimekuja na maneno, sijaja na kamba. Tutaandika kontra. Mitumbwi minne. Ukimaliza wa nne, kontra imekwisha, kila mutu na njia yake."

Neno hilo, imekwisha, lilimfuata Uledi mchana kutwa. Lilimtia hofu, na katika hofu ile mlikuwa na kitu kingine kilichomfanya apige misumari kwa mdundo wa ngoma, hata mwenzake Kabwe akamuuliza kama ameshaanza kusherehekea Uhuru peke yake.

Alipomweleza mkewe, Kabibi alikuwa barazani anachambua maharagwe. Hakuinua uso.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," alisema. "Mama yangu alinifundisha hivyo, na mama yangu hakukosea mara nyingi." Akatupa kijiwe uani. "Miezi mine unaunda. Ikikwisha, watoto watakula maranda?"

"Nimesikia. Nitamwambia hapana."

Kabibi akaendelea kuchambua. Halafu akasukuma ungo pembeni. "Uledi, tangu urudi umesimama. Hujakaa. Umekunywa maji umesimama, umenisalimu umesimama. Mara ya mwisho kukuona hivi ni siku uliyokuja kunichumbia." Akacheka kidogo, kwa kujilazimisha. "Uko na konje yako ya wiki tatu, hujaichukua mwaka huu. Ichukue. Unda mmoja. Ukielea, tutaongea. Ukizama, utarudi kazini."

"Rumonge nzima itacheka."

"Itacheka wiki moja. Ya pili itapata mwingine wa kucheka."

Mwamini alikubali aanze na mmoja. Basi Uledi akachukua likizo yake, akabeba tezo ya baba yake, akaenda Gatete.

Siku ya kwanza aliulaza mkuku, ule mti wa chini ambao chombo chote hukaa juu yake kama mtu juu ya uti wa mgongo. Mikono ilisita. Siku ya pili ilikumbuka. Kufikia siku ya tano alikuwa anasimamisha mataruma, mbavu za chombo, akiimba kwa sauti mbaya, na wavuvi wa Gatete walikuwa wameacha kushona nyavu zao nyumbani, wanakuja kuzishonea pale ili wamkosoe vizuri. Alipungua mwili, ingawa alikula chakula cha watu wawili. Alikuwa akiamka kabla ya jogoo na kutembea kwa haraka, karibu kukimbia, mtu mzima mwenye mvi, kwa sababu tu ametambua njiani jinsi ya kuukunja ubao wa omo, mbele ya chombo.

Jumamosi ya mwisho ya likizo, tarehe ishirini na tatu mwezi wa sita, waliushusha mtumbwi majini. Jumatatu alitakiwa karakana. Watu walijaa ufukweni kama mnadani. Kabibi alikuja na watoto, amevaa kitenge cha sikukuu. Wanaume kumi wakasukuma, mtumbwi ukateleza, ukaingia ziwani, vigelegele vikapaa.

Kisha vikanyamaza.

Mtumbwi ulikuwa umeinamia kushoto. Si sana, kama mtu aliyebeba ndoo mkono mmoja. Lakini kila mtu aliona.

"Si kitu," mvuvi mmoja mzee alisema kwa upole. "Weka mawe mawili kulia. Utakaa sawa."

Uledi aliingia majini hadi kifuani. Akapitisha kiganja kwenye ubavu wa kushoto, ubao baada ya ubao, akagonga kwa kifundo cha kidole. Pale alijua. Mbao tano za upande huo zilitoka kwenye mzigo wa mwisho, hazikukauka. Alipozipiga randa alizihisi nzito, akajua ni mbichi, lakini likizo ilikuwa inakwisha, akazipigilia.

Ajabu ni kwamba hakuona aibu. Alisimama pale, maji yanamchezea, akahisi furaha imempanda hadi kooni. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa akiambiwa kilichoharibika. Leo alikuwa anajua mwenyewe: ni nini, wapi, kwa nini, na dawa yake.

Akatoka, nguo zimemganda, akaenda moja kwa moja kwa Mwamini.

"Mama, usiweke mawe. Kosa ni langu. Mbao tano hizi ni mbichi na nilijua. Nazitoa zote. Nitatia zilizokauka, nitatia kalafati upya. Nipe siku kumi."

Watu wakanong'ona. Mwamini akahesabu kwa vidole.

"Siku kumi unazitoa wapi? Jumatatu patroni wako anakungoja."

Uledi akageuka kumtafuta Kabibi. Alikuwa ameshika mkono wa mtoto mdogo, midomo ameibana. Kisha akainua bega moja na kulishusha, kama mtu anayetua mzigo, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Mimi mbao mbichi sikubali hata kwenye jiko langu. Toa."

Mwamini akacheka kicheko cha kufukuza ndege. Alikuwa na karatasi ya kontra kwenye mkoba, imekwishaandikwa. Akataka Uledi aweke sahihi palepale, mtumbwi ukivutwa mchangani na kugeuzwa, juu ya tumbo lake.

"Leo hapana," Uledi alisema. "Jumatatu niage kwanza. Sitaki kuwa na mabwana wawili siku moja."

Jumatatu alivaa shati safi. Patroni wake, Mgiriki mmoja aliyeitwa Bwana Kosta, alikuwa mezani anakunywa kahawa. Hakumwacha aanze.

"Mtumbwi uliinama upande gani?" aliuliza.

"Kushoto, patroni."

"Mbao mbichi?"

"Mbichi."

Bwana Kosta akatikisa kichwa, akashusha kikombe. "Uledi, mwezi wa nane nilitaka kukufanya kapita, mkubwa wa karakana nzima. Barua iko tayari. Ukitoka leo, nafasi yako naipa Kabwe, na Kabwe akishaingia sitamtoa. Nakwambia usije ukasema hukujua."

Uledi alilirudia neno hilo moyoni. Kapita! Angekaa kiti chenye mgongo, na funguo kiunoni. Alifumba macho akajaribu kujiona na funguo hizo, akajiona anafungua kabati la misumari, asubuhi baada ya asubuhi, hadi uzee. Akafumbua macho.

"Kabwe ni fundi mzuri," alisema. "Na usimpe msumeno mukubwa, anaupinda. Murakoze kwa yote, patroni."

Wakapeana mikono. Nje ya lango Uledi alitaka kutembea kwa heshima, lakini miguu haikumtii. Alikimbia hadi Gatete.

Nyumba ya kambi ilitakiwa kurudishwa wiki hiyohiyo. Wakahamia Gatete Jumapili, siku yenyewe ya Uhuru, kwa kuwa ndiyo siku pekee waliyopata mkokoteni. Barabara ilikuwa imejaa bendera, ngoma na watoto wa shule waliopanga mistari, na katikati ya hayo yote Uledi akisukuma kitanda, meza na kuku wawili. Watu walidhani ni sehemu ya maandamano. Wakawapigia makofi. Mama mmoja akamvisha Kabibi shada la majani, naye akapunga mkono kama mke wa waziri, huku akimwambia mumewe kwa meno yaliyofumbwa, "Sukuma, kabla hawajajua."

Siku tatu baadaye mtumbwi ulishushwa tena. Mwamini mwenyewe aliweka beseni la maji katikati ya chombo, akainama, akalikagua pande zote. Maji yalikuwa yamegusa ukingo sawa, kulia na kushoto.

"Sasa nitengenezee ndugu yake," alisema, akatoa kalamu.

Kontra ilikwisha mwezi wa kumi na moja, wakapeana mikono, kila mtu na njia yake kama walivyoandikiana. Mvua zilikuwa zimeshika. Wiki ya kwanza hakuna aliyekuja kutafuta fundi, wala ya pili, wala ya tano. Nyumba yao ya nyasi ilivuja mahali pawili. Kabibi alikaanga mikate na kuiuza kwa wavuvi. Kulikuwa na siku Uledi alisikia honi ya kampuni ikilia saa moja asubuhi, akajikuta anavaa shati la kazi.

Wiki ya sita jua lilitoka. Uledi alikagua mbao zilizobaki, alizozinunua kwa ujira wake mwenyewe na kuzianika chini ya paa tangu mwezi wa saba. Akagonga mmoja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akagonga wa pili. Kisha akavuta mti mrefu hadi mchangani, akaulaza, akapiga goti, tezo mkononi, kuangalia unyoofu wake.

Kabibi alikuja na mkate wa moto kwenye jani. "Mkuku wa nani huo?"

"Sijui bado."

"Hakuna mutu ameagiza?"

"Hakuna." Alikuwa anatabasamu hadi masikioni, hakuweza kujizuia. "Mti unacheza upande wako. Nikalie hapo."

Kabibi akatazama ziwa, akatazama mumewe, akapandisha kitenge, akakaa kwenye ncha ya mti.

"Piga," alisema.