Helmeti Iliyowekwa Chini

Mvua ya katikati ya Wales, mwezi wa Januari, hainyeshi kutoka juu kama mvua za watu wengine. Inakuja ubavuni, inatafuta upenyo, na ikiupata inaita wenzake. Nesta Bebb aliijua tangu utotoni, na siku ile alijiandaa kama anayekwenda vitani. Chini ya glavu za ngozi alivaa glavu za mpira za kuoshea vyombo, zile za manjano. Miguu aliivika mifuko ya mkate kabla ya kuitia kwenye viatu. Kifuani alijikunjia gazeti zima. Na bado, hata mlima wenyewe hajaanza kuupanda, maji yalikuwa yameshaingia pale yanapowaingia wapanda pikipiki wote wa nchi ile, suruali inapokutana na tangi la mafuta, mahali ambapo mama wa umri wake haoni haja ya kupataja.

Lakini baridi ni mwenyeji tu. Kilichomtetemesha Nesta kilikuwa nyuma ya kiti chake: sanduku jekundu lililofungwa kwa mikanda, na ndani yake chupa ndogo ndogo za maziwa ya akina mama, yaliyochangwa na kugandishwa.

Alipostaafu upishi wa shule ya msingi, Nesta alijiunga na watu wanaobebea hospitali vitu kwa pikipiki zao bila malipo. Aliyewapanga ni Trefor, mtu wa posta mstaafu, na ndiye aliyempigia simu mchana ule.

"Nesta, mama, upo? Gari la hospitali limekwama kwenye mafuriko. Nimebaki na wewe tu."

"Ukisema hivyo najua nimekwisha. Sema."

"Kuna katoto kule pwani kamezaliwa kabla ya wakati wake. Kadogo, pakiti ya sukari inakashinda uzito. Mama yake bado hajapata maziwa, na ya kopo tumbo lake halitayaweza. Waliyonayo hospitali yanaisha jioni hii."

"Barabara ya chini?"

"Iko chini ya maji. Pita mlimani."

"Mlimani, hali hii? Trefor, tumekosana lini?"

"Ningekwenda mwenyewe, ila goti hili, likisikia mvua tu linauma."

"Kwa mvua ya huku, basi halijapumzika tangu uzaliwe."

Trefor alicheka, kisha sauti yake ikabadilika. "Nesta, usisimame njiani. Yakianza kuyeyuka wanayatupa, hawana mjadala. Ukibeba sanduku wewe si mtu tena. Wewe ni barua."

Basi barua ikapanda mlima.

Ilipanda huku ina hofu mbili zinazogombana: yeye asigande, na maziwa yasiyeyuke. Kioo cha helmeti kilijaa ukungu wa pumzi yake mwenyewe. Akikifunga haoni kitu, akikifungua kidogo mvua inamchoma macho kama mtu anayemrushia sindano kwa mkono. Vishikio vya usukani vilikuwa vya kupasha moto, ila vya kwake vilipasha upande wa kushoto tu, kwa hiyo mkono mmoja ulikuwa unaokwa na wa pili umekufa. Kondoo walilala katikati ya lami kama wamelipia kodi. Walimtazama, wakatafuna, hawakuinuka. Alipovuka nondo za kuzuia kondoo, zile zinazolazwa juu ya shimo barabarani, gurudumu la nyuma liliteleza likarudi, na moyo wake ukafanya vivyo hivyo.

"Taratibu, Nesta," alijiambia ndani ya helmeti. "Taratibu lakini haraka."

Juu kabisa mvua iligeuka ikawa theluji nusu, maji nusu. Upepo ulisukuma kiasi kwamba alilazimika kuilaza pikipiki upande mmoja ili iende mbele. Wenyeji husema siku za namna ile kuku hutaga yai lilelile mara mbili, kwa sababu upepo humrudishia. Alianza kuteremka upande wa pili, breki mkononi kama mtu aliyeshika yai hilo, na hapo, kwenye kona yenye ukuta wa mawe, akaiona.

Pikipiki kuukuu ya kijani, imesimamishwa pembeni. Haina mtu. Na nyuma yake, juu ya majani yaliyolowa, helmeti nyeupe imewekwa chini.

Mwenye gari angepita asione kitu. Mpanda pikipiki wa nchi ile, hata awe amechelewa harusi yake, hawezi. Helmeti ikiwa chini nyuma ya pikipiki, mwenyewe anasema: nina shida, simama. Hakuna sheria iliyoandika hivyo na hakuna polisi anayekamata, lakini anayepita hapo bila kusimama hatanyanyua tena uso mbele ya wenzake.

Nesta alipita.

Mkono ulitaka kubana breki. Barua ikasema hapana. Akaendelea kuteremka, kona ya kwanza, kona ya pili, na helmeti ile nyeupe ikawa inateremka naye. Huenda mwenyewe ameshachukuliwa na gari. Kama kachukuliwa, kwa nini kaacha helmeti? Nani anaiacha helmeti mdomo wazi kwenye mvua, aje aivae kama ndoo? Pengine yuko nyuma ya ukuta, mguu umevunjika, anasikia injini inapita. Pengine amelala kifudifudi. Na mtoto je? Mtoto hana helmeti ya kuweka chini. Mtoto ana Nesta peke yake.

"Nikisimama nikamkuta mzima nimepoteza muda. Nikimkuta mfu nimepoteza muda vilevile," alisema kwa sauti. Yalikuwa maneno ya busara sana, na hayakumwondolea ile helmeti.

Kwenye kona ya tatu alisimama ghafla. Akatukana tusi ambalo watoto wa shule ile hawakuwahi kulisikia jikoni kwake, akageuza pikipiki kwa miguu yote miwili, akarudi juu.

Alipofika, mtu alikuwa amesimama katikati ya barabara, mzee mrefu mwembamba, amevaa gunia juu ya koti, anafunga suruali kwa mkono mmoja na kupunga kwa mwingine.

"Simama! Simama, mwanamke! Daraja limekwenda!"

"Limekwenda wapi?"

"Baharini! Daraja linaaga? Mto umelibeba lote!" Alisogea, ndevu zikimchuruzika. "Mimi Idwal, nina kondoo upande ule. Nusura niingie nalo. Simu hapa haishiki, kwa hiyo nimesimama tangu mchana kama kinyago. Magari mawili nimeyarudisha. Nikasema niingie nyuma ya ukuta nikojoe kidogo, tena nimeacha helmeti chini kwa ajili ya watu wa pikipiki, maana hao angalau wana adabu. Na hapohapo, sijamaliza, likapita jinga moja spidi!"

Nesta alihisi damu ikimpanda hadi kwenye masikio, na kwa mara ya kwanza tangu nyumbani akapata joto.

"Lilipita?" aliuliza.

"Lilipita! Limeiona helmeti, maana lilipunguza mwendo. Nimekimbia suruali magotini nikipiga kelele. Sasa hivi liko mtoni, Mungu alirehemu, ingawa sijui kwa lipi. Hukupishana nalo?"

"Hapana," alisema Nesta. Kisha, kwa kuwa mzee alikuwa anamtazama, akaongeza, "Watu wengine hawana utu kabisa."

"Kabisa! Roho za chura."

"Daraja liko wapi hasa?"

"Kona ya nne."

Nesta aliinama kama anakagua tairi. Kona ya tatu ilikuwa bado na alama ya tairi lake.

"Mzee Idwal, nina maziwa ya kichanga," alisema. "Yanatakiwa pwani. Nikirudi nyuma nizunguke, itakuwa usiku, yatakuwa yameyeyuka. Niambie kuna njia nyingine. Hata ya mbuzi."

Mzee alilitazama sanduku, akatazama wingu, akatazama tairi za Nesta kwa huruma.

"Ipo ya msituni, wanakokata miti. Mageti yamefungwa, funguo ninazo. Kuna kivuko cha zege chini kabisa, mto pale ni mpana na kina chake kina aibu kidogo. Lakini mama, ni tope. Si tope la kusema umechafuka. Tope la kusema ulikuwa na viatu."

"Tangulia."

"Na daraja? Nani atalinda hapa?"

Walitazamana. Kisha Idwal akabomoa sehemu ya ukuta wa watu, wakabeba mawe wote wawili, wakayapanga katikati ya lami kwenye kona ile. Juu yake mzee akaweka glavu za manjano za Nesta, zimesimama kama mikono miwili inayosema basi. Kila jiwe Nesta alilobeba aliona chupa moja inalegea barafu.

Njia ya msitu ilikuwa kama Idwal alivyosema, ila yeye alikuwa amesema kwa upole. Mzee alitangulia kwa pikipiki yake ya kijani, miguu nje kama bata, taa ya nyuma ikipotea kwenye ukungu na kurudi. Giza la miti lilianza kabla ya giza la jioni. Nesta aliifuata taa ile nyekundu bila kupepesa. Ikizima, naye pumzi inazima.

Kwenye mteremko wa pili tairi la mbele likamtoroka. Pikipiki ililala polepole, kwa adabu, na sanduku jekundu likagonga kisiki.

Mlio ule ulikuwa mdogo tu. Nesta alibaki amekaa kwenye tope, haulizi mguu, haulizi mkono. Pembe ya sanduku ilikuwa imebonyea.

"Lifungue uone," alisema Idwal, ameshafika.

"Haliruhusiwi. Lina lakiri. Nikilifungua tu, yanatupwa."

"Basi hatujui."

"Hatujui."

"Aliye na mimba naye hajui kilichomo, na anatembea tu. Inuka."

Waliinyanyua pamoja. Kwenye kivuko maji yalifika nusu ya magurudumu, na Idwal alishuka akatembea mbele yake ndani ya mto, akipapasa zege kwa miguu, akisema "huku, huku, njoo kwa mjomba," kama anavuta kondoo mkaidi. Kwenye geti la mwisho, lami ilipoonekana, alimfungulia akasimama pembeni.

"Nenda. Mimi narudi nyumbani niwapigie polisi. Na ukimsikia yule jinga aliyenipita, nijulishe kama yu hai. Nitashindwa kula."

"Nitakujulisha," alisema Nesta, akaondoka kabla uso haujamsaliti.

Alifika hospitali taa za barabarani zimeshawaka. Aliingia mlangoni na sanduku, lakini mwili ulikuwa umegandia umbo la safari: magoti yamekunjwa, makalio nyuma, mikono mbele kana kwamba usukani bado upo. Watu wa mapokezi wanaapa hadi leo kwamba walisikia nguo zake zikivunjika kama biskuti. Muuguzi alikuja mbio.

"Mama, uchungu umeanza lini?"

"Sijaja kuzaa, mwanangu! Fungua sanduku!"

Muuguzi alikata lakiri. Nesta hakutazama ndani, alitazama uso wa muuguzi. Kisha msichana akatoa chupa, akaigonga juu ya meza. Ko.

"Jiwe," alisema. "Yote. Hakuna hata moja iliyopasuka." Na akakimbia nayo.

Walimweka Nesta karibu na kipasha joto, wakampa chai yenye sukari nyingi na keki bapa ya zabibu, na polepole akaanza kunyooka huku akidondosha ziwa chini ya kiti. Simu ikalia mfukoni, ndani ya mfuko wa mkate. Alikuwa Trefor.

"Umefika! Nimekula kucha zote, nimeanza za mke wangu. Ulisimama njiani?"

Nesta alipuliza chai.

"Haya, tutaongea. Sikiliza, kuna mzee mmoja kapiga simu, namba yetu kaisoma kwenye sanduku lako. Anaitwa Idwal. Anacheka sijui nini. Anataka kujua kama wale wawili wamefika salama. Nimemwambia wawili gani, nimetuma mmoja. Kasema hapana, walikuwa wawili, mmoja hana adabu na mmoja anayo, wana pikipiki zinazofanana sana, hata mlio. Nimjibu nini?"

Nyuma ya mlango, mahali fulani, kitu kidogo kuliko pakiti ya sukari kilipiga kelele ya njaa, kisha kikanyamaza ghafla, kama mtu aliyepewa alichokuwa anadai.

"Mwambie ale chakula chake," alisema Nesta. "Wote wawili wamefika."