Tumbo la D

Ujumbe wa mjomba uliingia kabla ya chakula cha mchana: "Mpwa wangu, usijali. Yale mapengo kwenye herufi zako nimeyaziba yote."

Msanifu wa herufi aliusoma, akausoma tena, akapiga simu. Haikupokelewa. Mjomba ni fundi chuma; akiwasha grenda, ile mashine yake ya kukatia, hasikii hata radi.

Herufi zilikuwa R, A, D na A: jina la kituo cha redio kitakachofunguliwa kesho. Alizichora kwa bikari na rula tu, unene mmoja kila mahali, pinde za duara kamili, kama maandishi ya ubavuni mwa chombo cha angani. Zilitakiwa kukatwa kwenye bamba la chuma, taa ziwake nyuma yake na mwanga upite kwenye herufi. Ndiyo maana mistari aliiachia mapengo ya upana wa kidole. Pengo ni chuma kisichokatwa, nacho ndicho kinachoshikilia sehemu ya katikati. Ukiunganisha mistari, tumbo la D linaanguka, na mahali pake linabaki tundu tupu. Bamba la kipimo kile lilikuwa la mwisho dukani. Hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza kutoka nje ya kompyuta.

Alikimbia hadi karakana ya mjomba. Grenda ilikuwa imenyamaza. Sakafuni, chini ya meza, lilikuwepo tumbo la D.

"Mjomba! Bamba!"

"Shikamoo siku hizi imefutwa?"

"Shikamoo. Umekata bamba?"

"Marahaba. Herufi zako zilikuwa vibogoyo. Nikasema kompyuta imekula mistari, nikaiunganisha."

Aliinama akaliokota lile tumbo. Lilikuwa jepesi. Lilikuwa la boksi.

"Chuma sikigusi kabla ya kujaribu kwenye boksi," mjomba alisema. "Sikuzaliwa jana. Nimekutumia ujumbe kwa kujisifu, nikakata boksi, D ikaniangushia tumbo mguuni. Hapo nikaelewa. Bamba nimelikata kama ulivyochora, mapengo yako yote yapo."

"Na hukuniambia!"

"Kwa mikono hii yenye grisi? Simu ingeteleza. Na wewe, mbona hukuniambia mapengo yana kazi gani?"

Alidhani mchoro unajieleza.

Mjomba aliondoa gunia juu ya bamba, akalisimamisha, akawasha taa nyuma yake. Herufi ziliwaka kwenye ukuta wa upande wa pili, kingo zake kali, kila tumbo mahali pake. Msanifu alipitisha kidole kwenye mapengo, moja baada ya jingine. Yalikuwa imara. Akakaa juu ya kopo la rangi, akashusha pumzi ndefu.

"Umeloa jasho kama mtu aliyetoka kwenye mbio," mjomba alisema. Alilichukua lile tumbo la D kutoka mkononi mwa mpwa wake, akaanza kumpepea nalo.