Kuhamisha Mawe

Muuza samaki alikuwa na maneno mengi kuliko bidhaa. Duka lake lilikuwa chumba kimoja tu, vioo pande zote na pampu zikinguruma, lakini kila samaki alimsifia kama anamtafutia mchumba.

"Huyu wa manjano ni mdadisi, shemeji. Ukifagia sebule, anakufuata kiooni mpaka umalize. Yule mwenye mistari myeusi ni mchimbaji, kokoto zote atazilundika kona moja. Na usiwadharau kwa urembo wao. Ni ukoo mmoja na perege unayemkaanga jikoni."

Mshona nguo alicheka kwa furaha ya kweli. Alikuwa ameolewa miezi sita tu, na hii ilikuwa mara ya kwanza mumewe kumwachia achague kitu cha nyumbani. Mume alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache na vidole vyepesi. Sebuleni mwake alikuwa na tangi la lita mia mbili, na ndani yake samaki wawili: dume wa bluu mwenye hasira za karibu, na jike wa rangi ya chungwa aliyekuwamo kabla mke hajaingia nyumba ile. Mke akachagua wa manjano.

"Mteja wangu wa siku nyingi huyu," muuza samaki akamwambia mke huku akifunga mfuko wa maji. "Kila akija na shemeji, tunachagua jike mpya."

Mume akakohoa. Mke aliyasikia maneno yale, akayaweka. Alijua kuna mke mmoja aliyemtangulia, mmoja tu, aliyerudi kwao kwa hiari yake. Hivyo ndivyo alivyoambiwa.

"Masharti unayajua?" muuza samaki akaendelea. "Hawa ni watu wa mipaka, kila mmoja na jiwe lake. Ukimtia mgeni hivi hivi, mwenyeji atampiga mpaka amuue. Kwa hiyo wenyeji washibishe kwanza. Kisha hamisha mawe yote. Kisha zima taa. Ikiwaka tena, wote wageni, hakuna wa kusema hapa ni kwangu."

"Na hakuna ugomvi," mume akasema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Wakafanya vile vile. Mume alilisha, akakunja mikono ya shati, akahamisha jiwe moja moja, akazima taa na kufunika tangi kwa shuka. Taa ilipowaka, jike wa chungwa alikwenda moja kwa moja pale jiwe lake bapa lilipokuwa. Halikuwapo. Akabaki anazunguka mahali patupu, na mke akajisikia vibaya, ingawa alijiambia ni samaki tu.

Siku ya nne dume alianza kumfukuza yule wa chungwa. Alimfukuza mpaka akajibanza nyuma ya bomba la pampu, mapezi yamechanika.

"Mtoe basi, mtie hata kwenye ndoo," mke akasihi.

"Atazoea," mume akajibu bila kuinua macho kwenye saa aliyokuwa akiifungua. "Asipozoea, basi."

Hakuzoea. Mume alimtoa kwa wavu mdogo, akamtupa chooni, akanawa mikono na kukaa kula. Utulivu wake ule ndio uliomtia mke baridi.

Ndipo akakumbuka siku aliyoletwa. Kochi lilikuwa ukutani, lakini chini ya dirisha, kwenye zulia la plastiki, kulikuwa na vishimo vinne vya miguu ya kochi, bado vibichi. Yeye, bibi arusi, aliona ni usafi wa kumpokea.

Miezi miwili ilipita. Jumamosi moja alirudi mchana kutoka kibanda chake cha kushonea, akakutwa na harufu ya nyama mlangoni. Mumewe alikuwa jikoni, yeye ambaye hata maji ya chai hajawahi kuchemsha. Kochi limesogezwa mlangoni pa jikoni. Kabati limehamia dirishani. Cherehani yake ya nyumbani iko koridoni, imefunikwa shuka.

"Nyumba ilikuwa imechosha," mume akasema akipakua. "Nimeibadilisha kidogo. Kaa ule, ushibe."

Mke alitazama sakafu. Ukutani, vishimo vinne, vya miezi yake minane. Dirishani, ubavuni mwa kabati, vile vinne alivyovikuta. Na pale kabati lilipokuwa limesimama tangu aje, vinne vingine vya kochi lile lile, vimejaa vumbi. Hakuwa wa pili. Alikuwa wa tatu.

Mume alikwenda dirishani, akavuta mapazia. Chumba kikaingia giza katikati ya mchana.

Mke aliogopa. Kisha hasira ikampanda. Aliweka bega kwenye kochi, akasukuma.

"Unafanya nini?"

"Narudisha jiwe langu."

Kochi lilikuwa zito, nalo lililia juu ya plastiki, lakini alisukuma mpaka miguu minne ikaingia kwenye vishimo vyake. Akakaa katikati, mikono ameitandaza huku na huku. Mlango ukagongwa.

Aliingia mwanamke kijana, begi mkononi, akitabasamu kama mtu aliyeahidiwa mema. Alisimama akisubiri kuonyeshwa pa kukaa. Ilionekana wazi hakuna aliyekuwa amemwambia lolote kuhusu nyumba ile.

Mshona nguo alijua anapaswa kumhurumia. Miezi minane iliyopita alisimama pale pale, na begi kama lile. Lakini macho yake yalikuwa kwenye miguu ya mgeni, yakihesabu hatua zilizobaki mpaka kwenye kochi.

"Karibu," akasema, na hakusogea.